Hundi Tano za Mama Hiza

Ilikuwa saa tatu na dakika saba asubuhi, siku ya Ijumaa, barua ya kufunga akaunti ya hoteli ilipowekwa juu ya meza yangu. Dakika naikumbuka kwa sababu nina tabia ya kuandika muda wa kupokea kila barua kwenye kona ya juu kulia, kwa kalamu ya bluu, na nyinyi mliofanya kazi nami mnajua mlivyonicheka kwa tabia hiyo. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Hoteli ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Magamba, na mwenyewe alikuwa ameiuza ili alipe mkopo aliochukua benki nyingine. Aliomba akaunti yake ya hundi ifungwe siku hiyohiyo saa tisa alasiri, na salio lote, shilingi 2,041,300, lihamishiwe kwenye mkopo huo.

Kilichonishtua ni salio. Hoteli iliyofunga milango karibu miezi miwili na kuwaachisha kazi wapishi haiachi milioni mbili zimelala kwenye akaunti ya hundi. Nikatoa daftari langu. Ndani ya robo saa nilijua kwamba hundi tano za hoteli zilikuwa zimeandikwa na kukabidhiwa mtu, na mtu huyo hajawahi kuzileta kaunta. Kwa hiyo mahali fulani katika milima hii palikuwa na mtu mwenye karatasi tano ambazo zilikuwa fedha halali mpaka saa tisa alasiri. Baada ya hapo zingefaa kuwashia moto.

Saa hizo sita nitazieleza moja baada ya nyingine. Lakini nimestaafu mwezi uliopita, na nimewaahidi vijana wa tawi kuwaandikia kazi hii nilivyoijua, kwa hiyo lazima kwanza niseme daftari lilitoka wapi. Bila daftari, barua ile ingepigwa muhuri na kutekelezwa kabla ya chai ya saa nne, na hakuna mtu ambaye angejua.

Niliingia tawini kama mhudumu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kubeba mafaili. Siku ya kwanza nilifika saa moja kasorobo, nikakuta mlango umefungwa, nikafagia ngazi za nje mara mbili ili nisionekane nimesimama bure. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Mhando, karani mkuu, mtu wa Muheza, mrefu, mwenye sweta moja la kahawia alilovaa kuanzia Mei mpaka Septemba kwa sababu baridi ya Lushoto hakuizoea hata baada ya miaka ishirini. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika, akaziangalia ngazi, akasema, "Umefagia vizuri. Kesho fagia mara moja."

Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na hamu isiyo na adabu. Nilipokuwa nikipita na sinia la chai nyuma ya kaunta, nilimwona keshia anapokea karatasi ndogo, anaitazama, anafungua droo na kutoa rundo la noti bila kumuuliza mteja swali hata moja. Jambo hilo lilinikosesha utulivu. Karatasi inamwambia nini mpaka anamwamini kuliko anavyomwamini ndugu yake? Siku ya tatu Mzee Mhando alinikuta stoo, nimeinama juu ya mfano wa hundi uliobandikwa kwenye kitabu cha taratibu ambacho panya walikuwa wameshaanza kukisoma kabla yangu. Nilidhani nitafukuzwa. Aliniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia nimeelewa tarehe. Akavuta kiti.

"Haya. Tuanze na tarehe, basi."

Ndivyo nilivyosoma. Kila siku baada ya kazi, nusu saa, kwa mwaka mzima. Alinifundisha kusoma hundi kwa mpangilio uleule, bila kuruka: tarehe, jina la mlipwaji, kiasi kwa maneno, kiasi kwa tarakimu, sahihi, kisha mistari. Maneno kabla ya tarakimu, kwa sababu anayeghushi huongeza sifuri kwa urahisi, lakini kugeuza "elfu nne" kuwa "elfu arobaini" kunahitaji nafasi. Mistari miwili iliyochorwa kwenye kona maana yake fedha hazitoki mkononi. Lazima ziingie kwenye akaunti ya mtu aliyetajwa. Vifaa vyetu vilikuwa sanduku la kadi za sahihi, kioo cha kukuzia kilichopasuka pembeni, muhuri wa tarehe uliogeuzwa kwa kucha kila asubuhi, na kofia ya mpira ya kidole kwa ajili ya kuhesabia noti. Leo vyote hivyo viko ndani ya kompyuta isipokuwa kofia ya mpira, na hiyo ndiyo pekee ambayo watu huiba.

Daftari lilikuwa wazo lake. Hundi za kitabu kimoja zina namba zinazofuatana. Zikija 212, 213 na 215, basi 214 iko nje. Benki haina shida na 214, ikija italipwa. Lakini Mzee Mhando alikuwa na orodha yake binafsi ya namba zisizokuja, za kila mteja mkubwa, na alipostaafu alinikabidhi desturi hiyo pamoja na kioo. Alisema kila namba inayokosekana kuna mtu ameishika mahali, na siku moja mtu huyo atatokea mlangoni, na afadhali tuwe tunajua kwamba anakuja.

Jinsi nilivyotoka kwenye sinia la chai nikafika kwenye meza yenye barua sitaeleza, haitawasaidia kazini. Nitasema tu kwamba akaunti ya hundi haijawahi kunichosha. Watu hudhani ni ya wenye maduka na makandarasi. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa Rangwi ambaye mshahara wake uliingia tarehe ileile kila mwezi, na kabla hajaugusa ulikuwa umeshajigawa wenyewe: agizo la kudumu lilipeleka sehemu kwa mama yake, hundi moja mwanzoni mwa muhula ikalipa ada ya watoto wawili, nyingine ikamlipa fundi aliyemjengea choo. Alikuja kila mwezi kuchukua taarifa ya akaunti, akakaa kwenye benchi na rula, akapiga tiki mstari kwa mstari dhidi ya vishina vya kitabu chake, vile vipande vinavyobaki hundi ikichanwa. Siku moja alinionyesha kwa furaha kosa la shilingi mia mbili. Lilikuwa letu. Nilifurahi kuliko yeye, na meneja hakufurahi hata kidogo.

Mwalimu yule alijua jambo ambalo wateja wengi wazuri hawalijui, na ambalo mwenye hoteli alikuwa amelisahau: salio unaloliona si lako lote. Hundi uliyokwisha kuandika imeshatoka kwako, hata kama benki haijaiona.

Turudi Ijumaa ile.

Saa tatu na nusu nilimpigia mwenye hoteli, aliyekuwa Dar es Salaam. Alikuwa mtu mstaarabu na amechoka. Nilimwambia kuna hundi tano hazijaletwa. Akasema yeye alidhani zile milioni mbili ni zake, na sasa anaona sizo, lakini wanaomdai wanasubiri leo na hawezi kusogeza hata saa moja. Kama hundi zitaletwa kabla ya saa tisa, tulipe kwa moyo mweupe. Zisipoletwa, barua yake inabaki ilivyo. Nilimwuliza mlipwaji ni nani. Akasema hajui, vitabu viko kwa Sebastiani.

Sebastiani alikuwa meneja wa hoteli na mtia sahihi wa pili wa akaunti, ambaye sahihi yake peke yake ilitosha, kwa hiyo niliruhusiwa kuzungumza naye. Alikuwa amebaki pale kulinda vitanda mpaka mnunuzi aje. Alipokea simu akiwa na sauti ya mtu anayekula.

"Dada Ester, hoteli imeshakufa. Benki mnataka kuizika mara ya pili?"

Nilimwambia afungue vishina, anisomee namba tano. Kila kishina kilisema kitu kilekile: Mama Hiza, mboga. Shilingi 385,000. Shilingi 410,500. Shilingi 364,000. Shilingi 442,000. Shilingi 396,500. Nilijumlisha huku akisoma. Milioni moja, laki tisa na tisini na nane elfu. Katika salio lote lile, fedha za mwenye hoteli zilikuwa elfu arobaini na tatu na mia tatu tu. Zilizobaki zote zilikuwa karoti, kabichi na liki za mwanamke mmoja.

Nilimwuliza jina lake kamili.

"Mama Hiza."

"Hilo ni la mtoto wake, Sebastiani. La kwake?"

Akasema amekula karoti za mama huyo miaka minne na hajawahi kusikia jina jingine. Na hundi zenyewe ziliandikwaje? Ziliandikwa hivyohivyo: Mlipe Mama Hiza. Na mistari miwili kwenye kona, kwa usalama.

Hapa vijana wa kutoka mijini wataniuliza inawezekanaje. Inawezekana sana. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina alilobatizwa linabaki kanisani na kwenye kadi ya kliniki. Mimi mwenyewe nina jirani ambaye jina lake nililijua siku niliyomsaidia kujaza fomu. Sebastiani aliandika jina ambalo milima mizima inalijua, na hakuna kitambulisho chochote nchini chenye jina hilo.

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Nilimpa Sebastiani orodha ya vitu vya kumfungulia mama huyo akaunti kwa jina lake halisi, nikamlazimisha anisomee alichoandika: hundi zote; kadi ya mpiga kura; barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri; na yeye Sebastiani mwenyewe, na kalamu. Picha zingepigwa studio, ng'ambo ya barabara. Mama Hiza alikaa ukingoni mwa msitu, juu ya Magamba, nusu saa kwa pikipiki kama njia ni kavu. Njia haikuwa kavu.

Nilirudi kaunta. Sikumbuki nilihudumia nani. Nakumbuka kwamba nilitazama saa ya ukutani mara nyingi mpaka keshia wa pembeni akaniuliza kama nangoja mchumba.

Saa sita na nusu simu ikalia. Sebastiani alikuwa amempata, bondeni, amesimama katikati ya matuta ya karoti, na simu yake amezima ili chaji isiishe. Kumpata haikuwa tabu. Tabu ilikuwa kwamba amekataa.

"Anasema sisi ni wezi," Sebastiani akasema. "Ongea naye wewe. Mimi ameshaninyooshea jembe."

Nilimwamkia kwa Kishambaa, na mazungumzo yote yalikuwa kwa Kishambaa; hapa nayaandika kwa Kiswahili. Aliitikia salamu yangu bila haraka, kisha akaniuliza kama mimi ni benki ya hoteli. Nikasema mimi ni benki ya kila mtu. Akasema hoteli imefunga bila kuaga wala kurudisha makapu yake mawili, na sasa imemtuma mtu kuja kuchukua karatasi zake. Kwani yeye ni mtoto?

Nilimwuliza kwa nini hakuzileta karatasi hizo mapema, kila mwezi alipopewa.

"Mwanangu, noti zina ndugu wengi," akasema. "Nikiingia na noti nyumbani, mpaka jioni kuna shemeji anaumwa, kuna jirani paa limevuja, kuna harusi. Karatasi hii ina jina langu. Nani atakula karatasi yenye jina langu?"

Nilikuwa nimefanya kazi benki zaidi ya miaka ishirini na tano, na sijawahi kusikia mtu akieleza kwa ufasaha hivyo kwa nini watu wanahitaji akaunti. Mama yule alikuwa amejitengenezea benki ndani ya kasha la nguo, yenye mteja mmoja na masharti magumu kuliko yetu. Alikosea kitu kimoja tu. Fedha hazikuwa ndani ya karatasi. Zilikuwa huku kwangu, na mwenye akaunti alikuwa ameshaomba ziondoke.

Nilimweleza hivyo. Nikamwambia asimpe Sebastiani karatasi hata moja, wala asinipe mimi kwa kupitia mtu. Azifunge mwenyewe kwenye khanga, aje nazo mwenyewe, akae mbele yangu.

"Na nisipokuja?"

"Saa tisa zinakufa, mama."

"Zote?"

"Zote."

Nilisikia upepo wa bondeni kwenye simu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna mtamba mwenye mimba kule Magamba, ameshamwona, ameshampa mwenye ng'ombe neno kwamba karatasi zikitosha atamnunua. Zizi ameshajenga. Majani ya kulishia ameshapanda ukingoni mwa matuta.

"Basi njoo na zizi lako," nikasema. Hilo halikuwa jibu la kibenki, lakini alicheka, na dakika moja baadaye Sebastiani aliniambia kwamba mama ameshapanda pikipiki, mara ya kwanza maishani mwake, na kwamba anasali kwa sauti.

Barua ya mtendaji ndiyo iliyokula muda. Ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa. Mtendaji alikuwa msibani, kitongoji cha pili. Walimfuata. Sebastiani alinisimulia baadaye kwamba walisalimia wafiwa, wakatoa rambirambi, wakakaa kwa muda unaoruhusiwa na adabu, na ndipo Mama Hiza akamnong'oneza mtendaji. Mtendaji akatoka nyuma ya nyumba, akaandika barua kwenye karatasi ya daftari la shule, akatoa muhuri mfukoni mwa koti, akaupuliza na kuupiga. Mtendaji anayetembea na muhuri msibani anastahili sifa ambazo sina mamlaka ya kuzitoa.

Waliingia mlangoni saa nane na dakika kumi na mbili. Mama Hiza alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, matope mpaka magotini, na fundo la khanga amelishika kwa mikono miwili kifuani kama mtu aliyebeba yai. Sebastiani alikuwa nyuma yake, hana rangi.

"Usimwulize kuhusu kona," akaniambia. "Kila kona alinifinya."

"Ulikuwa unakimbiza kama unapeleka nyanya," Mama Hiza akamjibu, kisha akanipa mkono. Nilimwamkia. Jina lake, kwa kadi ya mpiga kura, lilikuwa Marta Elia Singano. Sebastiani akalirudia taratibu, Marta, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

Dakika nane studio. Nilipokuwa nawasubiri nilimpelekea meneja wetu faili zima. Ilibidi akubali jambo lenyewe: hundi ziliandikwa kwa jina ambalo si la mtu kisheria. Hundi zilikuwa za tawi letu, hazikuhitaji kwenda benki nyingine yoyote, na mtia sahihi alikuwa amesimama hapo. Meneja alizisoma mara mbili barua zote. Akasema Sebastiani akate jina, aandike jina kamili, na kila marekebisho yawe na sahihi kamili, si herufi za mwanzo. Nawaonya: hundi inayokwenda benki nyingine leo hairekebishwi hivi, inaandikwa upya. Msije mkasema mmesoma kwangu.

Mama Hiza alirudi na picha zake zikiwa bado na joto. Nilimweleza kuna akaunti ya akiba na kuna akaunti ya hundi, na kila moja kazi yake. Hakungoja nimalize. "Nipe ile ya karatasi," akasema. Akaunti hiyo ilihitaji mdhamini anayefahamika na benki. Sebastiani alikuwa na akaunti kwetu tangu hoteli ilipoanza kumlipa. Akasaini. Saa nane na dakika thelathini na nne, akaunti ilikuwa na namba.

Ndipo akafungua fundo. Alizilaza hundi juu ya kaunta moja baada ya nyingine, akizinyoosha kwa kiganja. Ya kwanza ilikuwa imebakiza siku nne tu kutimiza miezi sita, na hapo ingekufa yenyewe hata bila hoteli. Nilizisoma kwa mpangilio wa Mzee Mhando, moja, mbili, tatu, nne.

Nikangoja.

"Ya tano, mama? Ile ya laki tatu na sitini na nne."

"Hiyo niliitoa sadaka," akasema.

Alikuwa amekwenda kwao Mgwashi, kwenye ibada ya mavuno. Wengine walibeba mikungu ya ndizi na magunia ya viazi. Yeye, aliyefika kwa basi bila mzigo, aliweka mezani hundi moja. Na kama kawaida, baada ya ibada, sadaka za mazao zilinadiwa nje ya kanisa. Mnadishaji alifika kwenye hundi, kati ya jogoo na boga, akaigeuza pande mbili, akasoma tarakimu kwa sauti, na kuanzia bei elfu kumi. Ilinunuliwa na fundi cherehani kwa elfu hamsini.

Sebastiani aliinamisha kichwa kwenye kaunta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Hundi imenadiwa," akasema. "Dada Ester, imenadiwa na boga."

"Na fundi alifurahi," Mama Hiza akasema kwa ukali.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na moja. Kutoka Mgwashi mpaka Lushoto, kwa njia ile na mvua ile, hakuna pikipiki ambayo ingefika kwa dakika kumi na tisa. Lakini nilikuwa na njia moja zaidi. Barua ya kufunga akaunti ililetwa pamoja na kitabu kipya cha hundi ambacho mwenye hoteli alikuwa hajakitumia, na kurasa zake zilikuwa bado hazijapigwa muhuri wa kufutwa. Sebastiani angeweza kuizuia hundi iliyonadiwa kwa maandishi, na kuandika nyingine ya kiasi kilekile, kwa jina la Marta Elia Singano, sasa hivi. Nilimweleza Mama Hiza haraka, nikamsogezea Sebastiani kitabu. Alikuwa ameshafungua kalamu.

"Hapana," Mama Hiza akasema.

Nilidhani hajaelewa. Nikaeleza tena.

"Nimeelewa, mwanangu. Ile nilishampa Mungu. Siwezi kuja benki kumnyang'anya."

Sebastiani akamwambia kwamba Mungu alishachukua elfu hamsini zake pale pale mnadani, na sasa karatasi ni ya fundi. Mimi nikasema kisheria si ya Mungu wala ya fundi, kwa sababu ya ile mistari miwili. Mama Hiza alitusikiliza wote wawili, akatazama saa ya ukutani, akasogeza zile hundi nne mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Ingiza hizi. Mnaongea, na ng'ombe anangoja."

Sebastiani aliandika jina mara nne na kusaini mara nne. Nililinganisha kila sahihi na kadi, kwa kioo kilekile kilichopasuka. Meneja akaidhinisha. Niliingiza ya kwanza saa nane na dakika arobaini na nane. Ya pili. Ya tatu mashine iligoma, nikairudia. Ya nne iliingia saa nane na dakika hamsini na tatu.

Saa tisa kamili nilitekeleza barua ya mwenye hoteli kama alivyoagiza. Shilingi 407,300 zilikwenda kwenye mkopo wake. 43,300 zilikuwa zake, na 364,000 zilikuwa za ibada ya mavuno.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Kitabu cha hundi cha Mama Hiza kilifika baada ya wiki tatu. Ya kwanza aliyoandika, kwa herufi kubwa zilizokaribia kutoka nje ya mstari, ilikuwa ya shilingi elfu hamsini kwa yule fundi cherehani wa Mgwashi, kwa sababu alisema hawezi kupita njia ile na kumtazama usoni bila kumrudishia fedha zake. Ya pili ilikuwa ya mwenye mtamba. Aliandika majina kamili ya wote wawili, aliwauliza kwanza. Kila mwezi alikuja kuchukua taarifa yake ya akaunti, akasomewa na Hiza mwenyewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, na shemeji zake walipomwuliza ana nini, alisema kweli tupu: nyumbani hana kitu.

Lakini Ijumaa ile, saa tisa na dakika chache, milango ikiwa imefungwa na wateja wa mwisho wakitoka kwa mlango mdogo, alikuwa bado amesimama kaunta na stakabadhi niliyompa. Aliigeuza. Alikuwa ameingia na karatasi nne, na sasa ana moja, nyembamba, isiyo na mapambo wala mistari ya kona.

"Hii ndiyo inasema nini?" akaniuliza.

Nilimsomea jina lake kwanza. Marta Elia Singano. Kisha tarehe. Kisha maneno, kabla ya tarakimu: shilingi milioni moja, laki sita na thelathini na nne elfu.